Imani Yenye Mizizi: Kukua Kiroho na Kushukuru Katika Kikundi



Vikundi vingi tunavyovitembelea huanza mkutano kwa sala na kufunga kwa sala. Hilo ni jambo zuri. Lakini kati ya sala ya kwanza na ile ya mwisho huwa kuna mambo. Mmoja hajalipa mkopo, mwingine ananung'unika kwamba mbuzi aliyepewa ni mdogo, na mwekahazina akiulizwa daftari liko wapi ananyamaza. Halafu ukame ukija, au mfadhili akiondoka, mkutano unabaki na watu watano. Baada ya miezi michache hata hao watano hawaonekani. Ndipo tunaulizana: je, zile sala zetu zilikuwa na mizizi kweli?

Katika toleo hili tunataka tulizungumze jambo hilo wazi. Wengine watasema hayo ni ya padre na katekista. Hapana, ni ya kikundi pia, kwa sababu watu wasio na mizizi hawawezi kuwa na maendeleo ya kudumu.

Mche uliokaa sana kwenye karatasi

Wale mlio na vitalu vya miche mnajua haya kutushinda. Mche ukikaa miezi mingi kwenye ile karatasi, mizizi hufika chini, ikakosa pa kwenda, ikaanza kujizungusha humo humo. Ukiutazama kwa juu ni wa kijani, unapendeza. Sasa mtu akiupanda bila kuondoa karatasi, au bila kukata ile mizizi iliyojikunja, mti unaweza kukua miaka kadhaa. Siku upepo mkali ukivuma, unalala chini. Ukienda kuutazama unakuta mizizi bado imejikunja kwa umbo la ile karatasi.

Imani nayo inaweza kuwa hivyo. Mtu alibatizwa, akapata Komunyo ya Kwanza, akapata Kipaimara akiwa bado shuleni. Tangu siku hiyo hakuongeza kitu. Leo ana miaka hamsini, ana wajukuu, lakini anamwomba Mungu kwa yale yale ya utotoni. Sala hizo hazina kosa. Shida ni kwamba hajawahi kumpelekea Mungu deni lake, wivu wake kwa jirani, wala hofu yake juu ya kijana wake anayekunywa. Mambo hayo yote yamebaki nje ya karatasi. Siku yakimwangukia pamoja, anatafuta msaada mahali pengine.

Mtakatifu Paulo anatuonyesha nini

Someni pamoja Barua kwa Wakolosai, sura ya 2, mstari wa 6 na wa 7. Paulo anawaambia wale Wakristo kwamba wakiwa wamempokea Kristo, basi waishi ndani yake: wawe na mizizi, wajengwe, wawe imara katika mafundisho waliyopewa, na shukrani iwajae hata imwagike. Mistari iliyo kabla na baada inaonyesha sababu. Kulikuwa na hatari ya watu wa maneno matamu kuwapotosha.

Hebu tazameni jinsi Paulo alivyoweka mizizi na shukrani mahali pamoja. Mzizi una kazi mbili: kuushika mti, na kuutafutia maji. Mti hautengenezi maji, huyapokea tu. Vivyo hivyo mtu mwenye shukrani anajua kwamba alicho nacho amekipokea. Asiyeshukuru anadhani yeye ndiye kisima. Akipata, anajivuna, na akikosa, anakata tamaa au anamlaumu kila mtu.

Hata neno Ekaristi limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni shukrani. Tena kumbukeni ilikuwa lini. Yesu alichukua mkate akamshukuru Baba usiku ule ule aliosalitiwa. Hakungoja mambo yawe mazuri kwanza.

Kukua kiroho kunafanyika vipi?

Watu wengine wanadhani kukua kiroho ni kukesha zaidi, kupiga kelele zaidi, au kwenda mikutano mingi zaidi. Lakini mizizi hukua polepole, tena gizani. Kanisa limetupa njia ambazo hazihitaji pesa: Misa Takatifu, Sakramenti ya Kitubio, Neno la Mungu, na Jumuiya Ndogo Ndogo.

Jumuiya hizi hazikuzuka tu. Maaskofu wetu wa AMECEA, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, waliona kwamba parokia ni kubwa mno na watu hawajuani. Wakaamua Kanisa lijengwe kuanzia kwa majirani. Kwa hiyo jumuiya inapokutana nyumbani kwa mama fulani chini ya mwembe, hapo ni Kanisa kamili likiwa kazini, si kamati ya kukusanya michango peke yake.

Njia nzuri ya kusoma Neno katika jumuiya ni ile ya Hatua Saba, iliyoanzia Chuo cha Lumko huko Afrika Kusini. Hata kikundi cha kujisaidia kinaweza kuitumia mara moja kwa mwezi:

1. Tunamkaribisha Bwana kwa sala fupi.
2. Mmoja anasoma Injili polepole.
3. Kila mtu anataja neno au fungu lililomgusa. Hakuna mahubiri.
4. Tunanyamaza dakika chache.
5. Tunaelezana kile tulichosikia moyoni. Asiyetaka kusema halazimishwi.
6. Tunajiuliza: Bwana anataka tufanye nini? Nani atafanya, na lini?
7. Tunasali, kila mtu kwa maneno yake.

Msiiruke hatua ya sita. Hapo ndipo Neno linashuka kutoka mdomoni kwenda mikononi. Kama kuna mgonjwa, aandikwe nani atampelekea uji Jumatano. Mkutano ujao muulizane kama ulipelekwa.

Tujihadhari na shukrani za bandia

Kuna mambo matatu yanayojiita shukrani, na yanawadhuru watu wetu.

La kwanza ni kuficha maumivu. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu kame za nchi yetu, na mifugo wengi sana walikufa. Kisha mwaka 2024 mafuriko yakaja. Kumwambia mtu aliyezoa mizoga ya ng'ombe wake kwamba ashukuru tu na anyamaze, hiyo si Injili. Katika Zaburi kuna vilio vingi, na Kanisa huvisali hadi leo. Mwacheni mtu alie mbele ya Mungu. Shukrani ya kweli itakuja, labda kwa jambo dogo: jirani aliyemletea gorogoro moja ya mahindi.

La pili ni chai. Huku kwetu mtu anaweza kukuhudumia kwa haki yako, halafu akauliza, "Sasa, shukrani yangu iko wapi?" Hiyo ni hongo iliyovaa nguo ya Jumapili. Mwanasiasa naye akigawa unga kabla ya kura anataka tumshukuru kwa miaka mitano bila kumuuliza swali. Shukrani hutolewa kwa hiari na haifungi mtu mdomo.

La tatu ni biashara na Mungu. Kuna wahubiri wanaowaambia watu wapande mbegu ya pesa ndipo Mungu awajibu. Tumeona akina mama wakitoa hata pesa za karo. Basi mama asipojibiwa anaambiwa imani yake ni ndogo, na anarudi nyumbani na hasara mbili. Mungu haweki bei. Sisi tunatoa kwa sababu tumeshapokea, hatutoi ili kumnunua.

Tukikosa mizizi, hatari inaweza kuwa kubwa kuliko pesa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya mia nne ya watu walioambiwa kwamba wakifunga chakula mpaka kufa watamwona Yesu. Kulikuwa na watoto. Tusiwacheke waliopotea, maana walikuwa na kiu ya Mungu kama sisi. Lakini tujifunze. Mtu anayesoma Neno pamoja na wenzake, anayeweza kuuliza swali na kujibiwa, si rahisi kuchukuliwa na sauti moja. Na yeyote anayekwambia uache hospitali, uwatoe watoto shule na uwaache jamaa zako, huyo mkimbie.

Deni la mjane

Hebu tuone jinsi mambo haya yanavyogusa pesa za kikundi. Katika kikundi kimoja cha akina mama, mwanachama alifiwa na mumewe akiwa na mkopo ambao hajaumaliza. Miezi mitatu hakulipa. Wengine walisema, "Tuchukue kuku na sufuria zake, sheria ni sheria." Wengine wakasema, "Tumsamehe yote, sisi ni Wakristo." Karibu wagawanyike.

Mzee mmoja wa jumuiya aliwaomba wasome kwanza Injili ya Mathayo, sura ya 18, ule mfano wa mtumishi aliyesamehewa deni kubwa akamkaba mwenzake kwa deni dogo. Walikaa kimya. Kisha mama mmoja akasema, "Mwaka ule nilipolazwa, ni nyinyi mlionilimia. Sikulipa kitu." Mwingine akakumbuka lake. Mwisho mjane mwenyewe akasema, "Sitaki mnisamehe. Pesa ni zenu, nanyi pia mna watoto. Nipeni tu muda."

Wakaamua alipe kidogo kidogo baada ya mavuno, bila faini, na siku mbili waende kumpalilia shamba. Pesa za wote zililindwa, na utu wa mama ulilindwa. Kukumbuka waliyotendewa ndiko kulikowafungua macho. Shukrani ilitangulia, haki na huruma zikafuata.

Hapa pia tuseme wazi: kama tunaamini pesa za kikundi ni zawadi tuliyokabidhiwa, basi daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Kusali vizuri na kuficha hesabu haviendi pamoja.

Shukrani ya kila siku

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyefariki mwaka 1556, aliwafundisha wenzake kuichunguza siku yao kwa hatua tano. Ni kama mwekahazina anavyofunga hesabu jioni. Ukishazima moto wa jikoni, chukua dakika kumi:

1. Mshukuru Mungu kwa vitu unavyoweza kuvitaja: maji, mtoto aliyepona, mtu aliyekusalimu.
2. Omba mwanga wa kuiona siku yako kama alivyoiona yeye.
3. Ipitie siku tangu asubuhi, kwa mawazo, maneno na matendo.
4. Omba msamaha ulipokosea.
5. Panga jambo moja la kurekebisha kesho.

Angalieni kwamba shukrani ndiyo ya kwanza, dhambi inafuata baadaye. Mtu anayeanza na makosa yake tu huishia kujichukia. Anayeanza na wema wa Mungu anapata nguvu ya kuyatazama makosa bila kukimbia.

Katika mkutano, kabla ya ajenda, mtu mmoja amshukuru mwenzake kwa jambo maalum. Isiwe "nawashukuru wote", bali "namshukuru mama fulani, alinishikia mtoto siku ya kliniki." Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Wale wanaofanya kazi nyingi kimya kimya ndio mara nyingi wanaopata mateke. Kati ya wenye ukoma kumi walioponywa, anatuambia Luka katika sura ya 17, aliyerudi kushukuru alikuwa mmoja, tena Msamaria, mtu wa nje. Basi katika vikundi vyenye wenzetu wa madhehebu na dini nyingine, tusijidhanie kuwa sisi ndio tunaojua kushukuru zaidi.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Mara ya mwisho kikundi chetu kilipopata shida, ni nini kilichotushikilia? Ni nini kilichotaka kutung'oa?
2. Imani yangu imebaki katika karatasi gani? Ni jambo gani la maisha yangu ambalo sijawahi kumpelekea Mungu?
3. Ni nani kati yetu anayefanya kazi kubwa bila kushukuriwa? Tutamshukuru vipi kabla ya mkutano ujao?
4. Hesabu zetu zilisomwa mbele ya wote mara ya mwisho lini?

Mkishazungumza, chagueni jambo moja tu na muandike nani atalifanya. Mungu awabariki katika kazi za mikono yenu, na mvua zijazo zitukute mizizi yetu ikiwa chini.