Chakula cha Mjamzito (3): Je, Bluberi Zinaongeza Damu?

Juma lililopita tulimaliza habari za mboga za majani. Leo tuingie kwenye tunda geni ambalo wajawazito wengi wa mjini wanashauriana kulila, wakiambiana kwamba linaongeza damu.

Bluberi asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Kilimo chake cha biashara kilianzia New Jersey, Marekani, ambako mtaalamu wa mimea Frederick Coville na mkulima Elizabeth White waliuza mavuno yao ya kwanza mwaka 1916. Siku hizi zinalimwa hata Kenya, ingawa nyingi husafirishwa nje. Zinazobaki huingia supamaketi katika vikasha vidogo, kwa bei ambayo mimi naiona ya kukomoana.

Kwa mjamzito, kuzila hakuna ubaya. Gramu 100 zina kalori 57 hivi, vitamini C inayokaribia miligramu 10, na nyuzinyuzi zaidi ya gramu 2 zinazomfaa mwenye choo kigumu.

Kwenye damu ndipo watu wanapopotea. Rangi nzito ya bluberi hutokana na anthosayanini, kemikali za jamii moja na zile zinazotia rangi zambarau na rozela, na rangi hiyo si madini ya chuma. Chuma kilichomo kwenye gramu 100 hakifiki hata nusu miligramu. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apate kila siku vidonge vyenye miligramu 30 hadi 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Gramu hizo 100 za bluberi zina foleti, yaani foliki ya kwenye chakula, mikrogramu 6 tu. Kunde zilizochemshwa, kwa kipimo hichohicho, zina zaidi ya 100. Kunde, ambazo wapo wanaoziona chakula cha shida!

Na foliki haingoji. Mfereji wa neva wa mtoto, unaoihitaji na unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga ndani ya wiki nne tangu mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua kama ni wajawazito. Usipojifunga sawasawa, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi.

Matunda husaidia damu kwa njia nyingine: vitamini C huuwezesha mwili kufyonza chuma cha maharage na mchicha. Hapo mapera yanaziacha bluberi mbali, kwani gramu 100 zina vitamini C zaidi ya miligramu 200. Basi pera liliwe pamoja na maharage, na chai ya rangi isubiri, maana huzuia chuma kufyonzwa. Tunda lolote lioshwe kwa maji safi yanayotiririka, na liliwe zima badala ya juisi, hasa kwa mwenye kisukari cha mimba.

Mwenye uwezo wa kununua bluberi azile kwa utamu wake. Vidonge vya kliniki asiviache, na kliniki yenyewe aianze kabla mimba haijatimiza wiki 12. Juma lijalo tutazungumzia ulaji wa udongo.