Kompyuta ya gemu: Kikundi kisinunue taa, kinunue kazi



Siku hizi vikundi vingi vya vijana vinataka kuanzisha mradi wa gemu. Mtu analipa kidogo, anacheza mpira kwa skrini, na mashindano ya Jumamosi yanarushwa moja kwa moja kwa intaneti ili walio mbali watazame. Mradi si mbaya. Lakini pesa yenyewe ni michango ya kila wiki, na ikipotea, watu hulaumiana na kikundi huvunjika.

Kikundi kimoja ninachokijua kilinunua kompyuta yenye taa za rangi pande zote. Gemu ilipofunguliwa, picha ilikwama kama gari kwa matope. Fundi alipoifungua, ndani hamkuwa na kadi ya picha. Walikuwa wamenunua taa.

Basi kabla mweka hazina hajatoa pesa, tuelewe mashine hii sehemu kwa sehemu.

1. Kadi ya picha. Hii ni kama injini ya posho mill: ikiwa dhaifu, mengine yote ni bure. Hapa ndipo pesa nyingi iende. Kwa wanaotaka kurusha mchezo, kadi ina kazi ya pili, yaani kufinya video ili ipite kwa intaneti. Si kila kadi inaweza. GeForce GT 1030 na Radeon RX 6400 hazina sehemu ya kufinya video, na mara nyingi mzigo huo huangukia prosesa, gemu ikaanza kukwama. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zinayo.

2. Prosesa. Huu ndio ubongo. Ukiwa na viini 6 unatosha kwa gemu na kurusha. Kama pesa haitoshi kununua kadi sasa, Ryzen 5 5600G ina viini 6 na sehemu yake ya picha humo ndani. Mnaweza kuanza na gemu nyepesi, kisha mkaongeza kadi baada ya mavuno.

3. Memori na diski. Memori iwe gigabaiti 16, vipande viwili vya 8, kwa sababu viwili hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja. Diski iwe ya SSD, angalau gigabaiti 500. Gemu moja kama EA Sports FC 24 huomba gigabaiti 100 peke yake.

4. Pawasaplai. Ndicho kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine. Wengi hununua cha bei ya chini kabisa. Rahisi ni ghali! Kikiungua kinaweza kuharibu hata madabodi na kadi. Na kwa kuwa stima yetu hupotea na kurudi kwa nguvu, wekeni pia yupiesi, yaani betri ya akiba.

Je, mtumba unafaa? Ndiyo, ukichagua vizuri. Kompyuta zilizotumika ofisini ng'ambo huuzwa sana Nairobi na miji mingine, na ukiongeza kadi ya picha zinafanya kazi. Lakini angalieni mambo matatu. La kwanza, Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel hukubali kizazi cha 8 kuendelea. Kwa mfano, i5-8500 ni kizazi cha 8, lakini i5-6500 ni cha 6. La pili, sanduku jembamba haliingii kadi kubwa, ni ile fupi tu. La tatu, pawasaplai yake ni ndogo, hivyo chagueni kadi isiyohitaji waya wa umeme wa ziada. Zipo GTX 1650 za namna hiyo.

Kadi za bandia pia zipo: zimebandikwa jina la kadi kubwa kumbe ni ndogo. Mwambieni muuzaji aiwashe mbele yenu. Programu ya bure ya GPU-Z huonyesha kadi ilivyo kweli. Chezeni gemu nusu saa papo hapo dukani, kisha mchukue risiti yenye muda wa dhamana.

Mwisho, intaneti. Programu ya kurusha, OBS Studio, ni ya bure, lakini bando si ya bure. Picha safi huhitaji kama megabiti 6 kwa sekunde za kupandisha. Hiyo ni gigabaiti 2.7 kwa saa. Mkipunguza ubora hadi megabiti 3, ni nusu yake. Pimeni kasi ya kupandisha pale kijijini kwanza, maana kasi ya kushusha ni jambo lingine. Kama haifiki, anzeni na gemu peke yake. Hakuna aibu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
- Wateja wetu wanataka gemu gani, na kila gemu inahitaji mashine ya namna gani?
- Stima na bando zitakula pesa ngapi kwa mwezi, na wachezaji wangapi watazirudisha?
- Mashine ikiharibika, nani ataitengeneza, na kwa mfuko gani?

Mkishajibu haya matatu, nendeni dukani. Msiende mmoja, nendeni watatu, na mmoja awe fundi.