Rovu la Ufipa na Chumvi ya Visiwani

Rovu ni maradhi ambayo wengi wetu wa visiwani tumezoea kuyahesabu kuwa ni ya watu wa bara, tena wa milimani. Hesabu hiyo ina asili yake. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, kutoka Sumbawanga hadi Kate na Namanyere wilayani Nkasi, ardhi imeinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua za karne nyingi zimeyakokoa madini joto kutoka udongoni. Mahindi, ulezi na maharage hustawi huko, ila hayawezi kumpa mlaji kile ambacho udongo wenyewe hauna.

Tezi ya shingo hutengeneza homoni zinazoongoza ukuaji, joto la mwili na ubongo. Ikikosa madini joto, mwili huiamrisha ijitahidi zaidi, nayo hujitanua ili inase kila chembe ipitayo katika damu. Uvimbe tuuonao ndio huo. Lakini uvimbe si msiba mkubwa. Mama mjamzito aliyepungukiwa sana na madini hayo huweza kuharibikiwa mimba, au kuzaa mtoto kiziwi, au mwenye akili iliyodumaa, na hakuna dawa itakayomrudishia mtoto huyo alichokikosa tumboni. Wanaodai kuwa rovu ni kasoro ya sura tu, au kazi ya wachawi, wanawapoteza watu.

Serikali haikukaa kimya. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na upimaji wa miaka ya 1980 ulidhihirisha kuwa kiasi cha robo ya wanafunzi waliopimwa walikuwa na rovu. Kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya 27 zilizoathirika zaidi. Hiyo ilikuwa dawa ya dharura. Dawa ya kudumu ni chumvi, na kanuni za mwaka 1994 zikawabana watengenezaji waitie madini joto. Kufikia mwaka 2004 wanafunzi wenye rovu walikuwa wamepungua hadi asilimia 7 hivi.

Sasa tutazame kwetu. Afya si jambo la Muungano, na visiwa havikwenda sambamba na Bara katika jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta rovu kwa asilimia 21 ya wanafunzi waliopimwa Unguja na asilimia 32 Pemba. Kaya zilizokuwa na chumvi yenye madini joto zilikuwa asilimia 63 Unguja. Pemba zilikuwa asilimia moja! Naam, watu waliozungukwa na bahari. Ajabu hiyo ina maelezo yake: chumvi inayoanikwa kwa maji ya bahari hubakiwa na madini joto kidogo mno, na si kila nyumba hupata samaki kila siku.

Mwenye mashamba madogo ya chumvi si adui wa afya. Anahitaji dawa ya kunyunyizia, pampu ya mkono na mtu wa kumwelekeza, kwani tani nzima ya chumvi hutosheka na makumi ya gramu tu. Afisa anayefika kwake kukusanya ushuru na afike pia na vifaa vya kupimia: tone la dawa ya kupimia huigeuza chumvi njema kuwa ya buluu. Kipimo kisidharauliwe upande wa pili pia. Zimbabwe, katika miaka ya 1990, baada ya chumvi kutiwa madini joto, hospitali zilipokea wagonjwa zaidi ambao tezi zao zilikuwa zikifanya kazi kupita kiasi, hasa watu wazima wenye rovu la siku nyingi.

Nyumbani, chumvi iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na itiwe chakula kikikaribia kuiva.