Indian Head, mji mdogo wa ngano: kitabu cha zamu kilichowasaidia wakulima



Mnajua vile inauma. Umevuna vizuri, mifuko iko kando ya barabara, gari halipatikani, na mnunuzi anakuambia: "Bei ni hii, ukikataa, bakia na mali yako." Katika namba hii tunawapeleka mbali, huko Kanada, kwenye mji mdogo ambao wakulima wake walipita katika shida ileile zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Maisha ya kule

Indian Head iko katika jimbo la Saskatchewan, karibu kilometa 70 mashariki ya mji wa Regina. Wakaaji hawafiki 2,000. Nchi ni tambarare ya majani, milima hakuna, mvua ni kidogo. Wakati wa baridi inaweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Sisi huku tunalima misimu miwili. Wao wana mmoja tu. Wanapanda mwezi wa tano, wanavuna mwezi wa nane na wa tisa: ngano, kanola, dengu.

Theluji ikifunika mashamba, watu wanakutana kwenye uwanja wa barafu, vijana wanacheza hoki. Kisha mavuno, katika miji mingi ya eneo hilo kanisa ao jumba la mji linaandaa chakula kikubwa, bata mzinga na viazi, na kila familia inaleta kitu.

Zamani ardhi hiyo ilikuwa ya Wacree na Wanakoda, wawindaji wa nyati. Kisha mkataba wa mwaka 1874 walibakishiwa maeneo madogo. Reli ilifika mwaka 1882, pamoja na wageni wenye kutafuta mashamba.

Vitu vya kutembelea

Mgeni anaonyeshwa kwanza ghala la mviringo la mawe. Lilikuwa la shamba la Bell, lililoanzishwa mwaka 1882 na kampuni moja kwenye zaidi ya hekta 20,000. Kampuni ilianguka, ardhi ikagawanywa. Ghala nalo liliharibika, lakini limejengwa upya kwa mawe yake ya zamani.

Kuna pia kituo cha majaribio ya kilimo kilichoanzishwa mwaka 1887. Kiongozi wake wa kwanza, Angus MacKay, alikuwa mkulima. Mwaka 1885 sehemu ya shamba lake ilibaki bila kupandwa, sababu farasi walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya vita. Mwaka uliofuata jua lilikausha mashamba, lakini sehemu ile iliyopumzika ilitoa ngano nzuri: udongo ulikuwa umehifadhi maji. Tena, bustani ya miche ya mji huo iligawia wakulima wa tambarare miti zaidi ya milioni 600 ya kuzuia upepo.

Kitabu cha zamu

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kando ya reli kulikuwa madepo marefu ya mbao ya makampuni. Mkulima aliyetaka kupakia ngano yake mwenyewe na kuiuza mbali alikosa wagoni. Karibu zote zilipewa wenye madepo. Akabaki kuwauzia hao, kwa mizani yao na bei yao. Mwaka 1901 mavuno yalikuwa mengi sana, reli ikashindwa kuyabeba, ngano nyingi ikaharibika.

Mwezi wa 12 mwaka ule, wakulima walikutana Indian Head wakaanzisha chama. Waliomba kitu kimoja rahisi: kila stesheni iwe na kitabu, mwenye kuandika jina kwanza apate wagoni kwanza, akuwe mkubwa ao mdogo. Mwaka 1902 sheria ikakubali.

Lakini sheria kwenye karatasi haipakii ngano. Kwenye mji jirani wa Sintaluta, mkuu wa stesheni hakufuata kitabu. Wakulima hawakuchoma kitu, hawakupiga mtu. Walimpeleka mahakamani wakiwa pamoja. Akahukumiwa kulipa faini ya dola 50, na mahakama ya juu kabisa ya nchi ikathibitisha. Pesa ilikuwa kidogo, lakini toka siku ile reli ilijua wakulima wanajua sheria.

Mwaka 1906, mkulima wa Sintaluta, E. A. Partridge, aliongoza wenzake kuanzisha kampuni yao ya kuuza nafaka. Miaka ya 1920 wakaja na koperative kubwa ya ngano ya jimbo. Hiyo ilidumu miaka mingi, lakini kuanzia mwaka 1996 hisa zake ziliuzwa sokoni, na mwisho haikuwa tena mali ya wanamemba. Kupata chombo ni kazi. Kukilinda ni kazi ingine.

Maswali ya kuzungumza kwenye mkutano

1. Kwenye depo yetu, nani anapakia kwanza, na juu ya nini? Zamu imeandikwa wapi?
2. Ni sheria gani inatulinda kwa mizani na taksi? Nani kati yetu ameisoma?
3. Kama mwanamemba mmoja anaonewa, tunaenda naye wangapi?