Kuvu waishio majanini: walinzi wasioonekana

Mkulima asikiapo neno kuvu, fikra zake huenda moja kwa moja kwenye hasara: kutu ya majani ya kahawa, mahindi yaliyooza ghalani, au matunda ya kakao yaliyogeuka meusi yangali mtini.

Hata hivyo, ndani ya majani mabichi yenye afya huishi kuvu wengine wasioonekana kwa macho. Utafiti uliofanywa nchini Panama umeonesha kwamba baadhi yao huukinga mmea dhidi ya maradhi.

Kuvu hao hujipenyeza katikati ya seli za jani bila kuleta dalili yoyote ya ugonjwa. Wanasayansi wamewakuta katika takriban kila aina ya mmea waliyoichunguza.

Jani huanza bila kuvu

Jani la mkakao linapochipua huwa karibu halina kuvu ndani yake. Chembechembe zao za uzazi hupeperushwa na upepo au hushuka na mvua, hutua juu ya jani na, zikipata unyevu, huota na kupenya ndani. Baada ya wiki chache jani moja huweza kuwa makazi ya kuvu wa aina nyingi.

Miche ikikuzwa ndani ya banda, majani yake yasilowe, hubaki bila wageni hao. Jambo hilo liliwapa watafiti njia ya kupima kazi ya kuvu.

Mtafiti Elizabeth Arnold na wenzake, wakifanya kazi katika Taasisi ya Smithsonian ya Utafiti wa Tropiki huko Panama, walichukua miche ya namna hiyo. Baadhi ya majani waliyatia kuvu waliotoka katika mikakao yenye afya, na mengine ya mche huo huo wakayaacha kama yalivyo. Kisha wakayaambukiza Phytophthora, kiumbe anayefanana na kuvu ambaye jamaa zake huozesha matunda ya kakao.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Majani yasiyokuwa na kuvu yalikufa kwa wingi zaidi, na yale yaliyosalimika yalikuwa na madoa makubwa zaidi. Kinga hiyo ilionekana hasa katika majani yaliyotiwa kuvu, wala haikuenea kwa kiasi kikubwa kwenye majani jirani. Majani yaliyokomaa ndiyo yaliyonufaika zaidi, kwa kuwa kinga yao ya asili ni ndogo kuliko ya majani machanga.

Namna wanavyolinda

Kuvu hulinda kwa njia kadhaa. Baadhi huwahi nafasi na chakula, adui akaja na kukuta pamejaa. Wengine hutoa kemikali zinazomzuia adui kukua, na wapo wanaomshambulia na kumla.

Njia nyingine ni kuuamsha mmea wenyewe ujihami. Utafiti wa mwaka 2014 ulionesha kwamba kuvu aitwaye Colletotrichum tropicale, akiingia katika jani la kakao, hubadili utendaji wa mamia ya jeni za mmea.

Ulinzi huo una gharama yake, kwani uwezo wa jani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua hupungua.

Wakulima wa kahawa wa Afrika Mashariki wanawafahamu ndugu wa kuvu huyo. Chulebuni, ugonjwa ulioripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1922, husababishwa na kuvu wa ukoo huo huo wa Colletotrichum. Ukoo ni mmoja, lakini huyu hulinda na yule huharibu.

Faida kwa mkulima

Jaribio la shambani lililochapishwa mwaka 2008, pia nchini Panama, lilionesha kwamba kuvu wa Colletotrichum walipunguza upotevu wa matunda ya kakao uliotokana na Phytophthora.

Mwaka 2017 watafiti wengine walieleza kwamba miche ya kakao iliyozungushiwa majani makavu yaliyoanguka kutoka mikakao mikubwa yenye afya ilipata madhara machache ya ugonjwa. Mti mzima, kwa maneno mengine, huweza kuirithisha miche iliyo chini yake walinzi wake.

Kwa familia zinazotegemea zao hilo Kyela nchini Tanzania, Bundibugyo nchini Uganda au Beni nchini Congo, jambo hili lina uzito. Dawa ya kuua kuvu hugharimu fedha, na inaponyunyiziwa ovyo huweza kuwaangamiza walinzi pamoja na maadui.

Hata hivyo, si kila takataka ya shambani ni salama. Matunda yaliyooza huendelea kueneza ugonjwa, hivyo kuyaondoa mapema bado ni kanuni ya msingi. Walioisaidia miche ya Panama ni kuvu waliotoka kwenye miti yenye afya.