Mkoma, Mwenye Ukoma na Aliyeugua Ukoma

Mwanafunzi mmoja wa sekondari hapa Munyaka, Eldoret, alitaka kujua mgonjwa wa ukoma huelezwaje kwa kivumishi kimoja. Swali lake ni zito kuliko alivyodhani, kwani maradhi haya hayana kivumishi cha asili mithili ya -zuri au -vivu.

Tunalo kwanza neno "mkoma". Kisarufi ni nomino (na lisichanganywe na mkoma ulio mti wa jamii ya mikoche, ambao wingi wake ni mikoma, si wakoma), ila likifuata jina la mtu hufanya kazi ya kivumishi. Ndivyo Biblia ya Union Version inavyomtaja Simoni wa Bethania. Ajabu ni kwamba Simoni huyo alikuwa na wageni mezani kwake, jambo ambalo Torati isingemruhusu mgonjwa, na wafafanuzi wengi huona kuwa alikuwa amekwisha kupona. Ugonjwa ulikwenda, jina likabaki.

Njia ya pili ni -enye. Naamani, jemadari wa Shamu, huitwa mwenye ukoma. Mzizi huu hupatana na ngeli zote, hata tukaweza kuzungumzia vazi au nyumba yenye ukoma, mambo yanayojadiliwa katika Mambo ya Walawi 13 na 14. Hakuna nyumba iitwayo mkoma. Mimi naupendelea kwa kuwa humtenga mtu na maradhi yake. Walakini hauna wakati: hausemi kama ni jana au leo.

Zamani kasoro hiyo haikuonekana, maana ukoma haukuwa na tiba. Bakteria wake alitambuliwa mwaka 1873 na Hansen wa Norway, lakini ni baada ya Shirika la Afya Duniani kupendekeza dawa mseto mwaka 1981 ndipo mgonjwa alipoweza kutibiwa akapona kwa miezi 6 au 12. Basi huyo anayerejea nyumbani akiwa mzima, tuseme kutoka Alupe kule Busia, tumwiteje? Hapa vivumishi vyote viwili husema uongo. Kitenzi ndicho chenye njeo, nacho hutupa "aliyeugua ukoma".

Wahariri watalalamika kwamba maneno hayo ni marefu mno kwa kichwa cha habari. Sijapata kuwasikia wakilalamikia urefu wa vyeo vya wakubwa.