Kadi 12 tu, na mgeni wako ataanza kuongea

Ukiwa umekulia Malindi, Kiitaliano cha salamu uliokota barabarani tu. Sasa geuza mambo: kuna Mwitaliano anataka umfunze Kiswahili, na yuko hapa wiki mbili. Utamkaririsha orodha ya nguo? Jioni itakuwa imeshamtoka.

Ebu jaribu hivi. Kata kadi 12, uchore nguo anazoziona kila siku: leso, kikoi, kanzu, kofia, buibui, shati, ndara, hata hando la wanawake wa Kigiriama. Zipange mezani. Chagua moja kimoyomoyo. Yeye aulize, wewe ujibu ndiyo au hapana: "Inavaliwa kichwani?" "Inafungwa kiunoni?" "Ni ya wanaume?" Kadi isiyofaa aipindue. Maswali matano yakiisha, abahatishe.

Akishazoea, tia rangi. Hapo ndipo wageni wengi hukwama: leso nyekundu, shati jekundu, kikoi chekundu. Rangi ni ileile, lakini nguo ndiyo inayoamua. Akikosea ngeli, swali halihesabiki. Utashangaa atakavyojirekebisha mwenyewe ili ashinde, bila wewe kumsomea sarufi.

Mkimaliza, badilishaneni: wewe uulize, yeye ajibu.

Neno leso lenyewe tulilipata kwa Wareno, waliotia nanga Malindi mwaka 1498. Pwani tumezoea kuokota lugha za wageni. Yetu nayo ni mali, kwa hivyo kabla hujapanga kadi mezani, taja bei ya somo. Usione haya.